Jina Alilolitunza Koko

Baba yangu alikuwa Balume, aliyezaliwa juu ya Lushebere, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Mama yangu alikuwa Mapendo, aliyezaliwa bonde la pili kutoka hapo, ng'ambo ya mto. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya baba yangu, na mikono iliyonipokea ilikuwa ya mama yake baba, Koko Anastazia, ambaye hakuwa mtu wa mlima. Yeye alitoka msituni, upande wa Walikale, karibu na Hombo, ambako watu huona jua kwa vipande. Anza hapo, Sifa mjukuu wangu. Andika kama ninavyosema, wala usinipambie. Mkono wangu haukufundishwa kalamu, lakini mdomo wangu unajua mahali pa kusimama.

Nakusimulia haya kwa sababu ya lungo. Jana asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni, maharagwe yakiwa mapajani, nikataka kukutuma lungo, na neno halikuja. Lungo lenyewe nililiona, limeegemea ukuta. Nilimjua aliyelisuka, na nilikumbuka mvua iliyotupiga siku tulipolileta hapa Sake. Jina la chombo chenyewe tu ndilo halikuja. Nikasema, "Niletee kile cha kupepetea." Ukacheka, ukaleta, ukadhani nina haraka. Mimi sikucheka. Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya mtu anayepapasa ukuta gizani, niliyasikia nilipokuwa mtoto wa kung'oa meno ya maziwa, na wakati ule pia tulicheka.

Lazima kwanza uijue desturi, kwa kuwa ninyi mliozaliwa kando ya barabara hamkuikuta. Mwanamke aliyeolewa kwetu hakulitamka jina la baba mkwe wake. Hakulitamka mbele yake, hakulitamka nyuma yake, hakulitamka baada ya kumzika. Shambani, kanisani, hata akiwa peke yake kwenye chemchemi, jina lile lilikaa nyuma ya meno. Na neno lolote lililokaribiana na jina hilo aliliacha pia, akatafuta njia ya kulizunguka. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha bibi arusi njia hizo. Aliyeteleza alilipa kuku mweupe, na mbele ya ukoo akaomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, kwa maneno yaliyowekwa na wazee. Kama hakuyasema, alirudishwa kwao, akakaa huko hadi siku atakapoweza kuyasema.

Wengine waliona ni mzigo. Koko Anastazia aliona ni kazi ya fundi, kama kusuka mkeka, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Tangu alipofika kutoka msituni, msichana asiyewahi kuona ng'ombe, hadi alipomzika baba mkwe na kisha mume, hakuteleza. Watu wa vilima vingine walituma bibi arusi wao waje kukaa karibu naye, wamenye viazi na kusikiliza.

Mlinzi wa desturi katika boma letu alikuwa Shangazi Agata, dada ya marehemu koko wangu wa kiume. Kwa hiyo jina lililofichwa na Koko Anastazia lilikuwa jina la baba yake mzazi Shangazi huyo. Alikuwa shangazi ya baba yangu, nasi watoto tukamwita Shangazi vilevile, tukimfuata baba. Alikuwa mjane aliyerudi kwao, sauti yake ikilia kama jembe linapogonga jiwe. Alimpenda Koko kwa namna yake: alimsifu mbele ya watu, na sifa hizo alizigeuza fimbo ya kuwachapia wengine.

Sijui ugonjwa ulianza lini. Hakuna aliyejua, na humo ndimo ulimo uchungu wote wa habari hii, kwa sababu ugonjwa ulikuja umevaa nguo ya adabu.

Nyumbani tulisema Kihunde. Nakupa maneno yao kwa Kiswahili chetu cha barabarani, ili yasikike kama yalivyosikika. Koko alianza na kibuyu cha maji. Alimwambia mama yangu, "Mapendo, niletee ile... ile ya kuchotea." Mama akaleta. Baada ya hapo mbuzi akawa "yule wa ndevu", na viazi vikawa "vile vinavyolala chini". Siku moja Koko alionja mboga, akakunja uso, akasema, "Ongeza ile ya kuuma ulimi." Shangazi Agata, aliyekuwa mlangoni, akapiga makofi.

"Munasikia? Hata chumvi haitaje! Mapendo, weye uko unataja chumvi wazi wazi, kama mutu wa sokoni."

"Shangazi," mama yangu alisema taratibu, "chumvi inafanana na jina gani?"

"Usiniulize. Mwenye heshima ndiye anajua kwenye jina linaishia. Jifunze!"

Mama akajifunza. Alikuwa mja mzito wakati ule, na mwanamke mja mzito hapendi kugombana na mlinzi wa nyumba. Akaanza kuzunguka maneno ambayo hakuna aliyemkataza. Chungu kikawa "nyumba ya ugali". Jivu likawa "mtoto wa kuni". Jioni moja baba alirudi kutoka malishoni, akaomba kisu, mama akamnyooshea, akisema, "Kamata, ile ya kutenganisha." Baba akakishika, akakitazama, akamtazama mke wake.

"Kisu imefanya nini tena? Baba yangu hakuitwa Kisu."

"Uliza Shangazi yako."

"Kama munaendelea hivi, mutoto mwenye atazaliwa humu atakuwa bubu."

Tulicheka sote. Koko alicheka kuliko wote, akapiga paja lake kwa kiganja, na mimi niliyekaa nyuma yake niliona kwamba alianza kucheka baada ya kututazama nyuso.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilijua kwamba majina ya wafu hayatajwi na wake za nyumba, na nilimwona Koko akiishiwa na maneno kila mwezi, basi nikayaunganisha hayo mawili. Niliamini kwamba kila anayekufa huondoka na neno moja, pamoja na majirani wa neno hilo, na kwamba Koko, aliyewazika watu wengi, alikuwa amebakiwa na maneno machache kwa haki kabisa, kama mtu aliyewagawia watoto wake mashamba. Mzee mmoja wa kilima cha jirani alipofariki nilimwuliza mama, "Huyu ameenda na neno gani?" Akanipiga kofi. Nikahesabu hilo kuwa jibu, nikakaa siku nzima nikijaribu maneno kwa siri, moja moja, nione ni lipi limetoweka mdomoni mwangu.

Nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo niliyajua mambo ambayo wageni hawakuyajua. Nilijua kwamba aliuliza, "Ng'ombe wamerudi?" nami nikajibu, "Wamerudi, Koko," naye akafurahi, akashukuru, kisha akauliza tena kwa furaha ile ile ya kwanza. Nilijua kwamba hadithi yake ya msituni, ya baba yake aliyewinda kwa nyavu na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni, ilikuwa imeanza kukatika njiani. Aliingia ndani yake vizuri, mbwa wakakimbia, kengele zikalia, kisha mkono wake ukabaki juu hewani, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokata daraja.

Lakini wageni walipokuja! Hapo ungemsikia. Salamu zake zilikuwa nzima: za asubuhi, za watoto, za mifugo, za mashamba. Mgeni aliposimulia, Koko aliitikia "Eeh!" na "Kweli?" mahali pake hasa. Aliinamisha kichwa penye msiba, aliteremsha sauti penye siri. Mgeni aliondoka akisema, "Tumeongea muzuri sana na Mama Anastazia." Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake, nikajua kwamba hapakusemwa kitu. Mazungumzo yake yalikuwa mtungi uliofunikwa vizuri, na kwa kuwa ulifunikwa vizuri, hakuna aliyeinua kifuniko.

Kilianguka chenyewe, siku ya mavuno ya maharagwe. Ukoo ulikuwa umekusanyika uani baada ya misa, wanaume na kasiksi yao, pombe ya ndizi, wanawake karibu na vyungu. Koko alishika upawa. Akaacha kupakua, akatazama lango la boma, pale ng'ombe wanapoingilia, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti nyororo ya msichana, akaita jina. Aliliita lote, bila kukwama, kama mtu anayemwita baba aliye mbali kidogo shambani. Kisha akasema, "Kuya kula. Chakula inapoa."

Nilisikia nzi, Sifa. Watu wote wale uani, nami nilisikia nzi.

Shangazi Agata alisimama. Kikombe chake kilikuwa kimemwaga kasiksi yote juu ya kikwembe alichojifunga kiunoni, wala hakukitazama. "Nani amesema?" akauliza, ingawa alikuwa amemwona. Koko akageuka, akamtabasamia, na akaliita tena.

Mama yangu alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Jina ya baba yangu," alisema Shangazi, "imetupwa inje kama maji ya vyombo. Na muke mwenye alimuzika!"

"Shangazi," baba alisema, "Mama iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini? Anakula. Anatembea. Anasalimia batu muzuri kuliko weye. Mutu mwenye hataje hata chumvi, atateleza namna gani? Angekuwa muzembe, ningesema ameteleza. Huyu hajateleza. Amefanya kusudi!"

Hoja ilikuwa imefungwa kila upande, na kamba zilikuwa sifa zetu wenyewe. Tungesema nini? Kwamba heshima tuliyoisifu msimu mzima haikuwa heshima? Wazee walisema, kwa upole, kwamba kuku mweupe atoke, na kwamba Mama Anastazia ayaseme maneno ya msamaha kabla Mapendo hajajifungua, kwa kuwa jina lililoitwa bila sababu hutafuta wa kumchukua, na mtoto aliye tumboni ndiye mwepesi kuliko wote. Asipoyasema, aende kwao.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. *Nimemwita aliyenipokea. Nainama. Nifungulieni mlango.* Hayo tu. Kwa kuwa nililala naye, nilipewa mimi kazi ya kuyarudia naye, na niliipokea kwa furaha, nikidhani ni jambo la siku moja. Niliyajua kabla sijafika mlangoni.

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba la viazi, juu ya blanketi.

"Koko, sema: Nimemwita aliyenipokea."

"Nimemwita."

"Aliyenipokea."

"Nani?"

"Haiko unauliza, Koko. Unasema tu. Aliyenipokea."

"Aliyenipokea," alisema, akanitazama kwa huruma kubwa. "Masikini. Alikupokea vizuri?"

Nikaanza upya. Alipopata la pili, la kwanza lilikuwa limekwenda. Alipopata la tatu, aliniuliza kama ng'ombe wamerudi. Nilimsemesha polepole, nilimsemesha kwa ukali, nilimwahidi muwa, nililia. Nilipolia aliacha kila kitu akanipangusa machozi na ncha ya kikwembe, akisema, "Basi, basi," na neno hilo alilijua vizuri sana. Sikuwahi kumwona mtu akijitahidi namna ile. Midomo yake ilitangulia kujipanga kwa ajili ya neno, ikangoja, na neno halikutokea ndani.

Lakini Salamu Maria aliijua. Kila jioni aliishika rozari, na sala ikatoka mwanzo hadi mwisho bila jiwe hata moja njiani, kama maji ya mfereji. Nikapata shauri la kitoto, na hata leo sioni kama lilikuwa baya. Niliyachukua yale maneno matatu nikayafunga mkiani mwa sala, kabla ya Amina, nikasali naye hivyo jioni baada ya jioni kwa mwendo mmoja, bila kupumua kati yake, ili sala iyaburute yale maneno kama ng'ombe anavyoburuta kamba yake. Na ilitokea! Mara moja, mara nyingine, alipita na mimi mpaka kwenye mlango. Sikumwambia mtu. Nilijificha na furaha yangu kama mwizi.

Siku ya siku ilifika. Ukoo ukakaa. Kuku mweupe alikuwa amefungwa miguu karibu na kigingi, akipepesa jicho. Nikapiga magoti kando ya Koko nikamnong'oneza, "Tusali." Akashika rozari, akaanza. Sauti ilikuwa imara. Watu wakavua kofia. Nilisali naye kimoyomoyo, nikaliona lile fundo la maneno yetu likikaribia. Akafika. Akasema, "Amina."

Na ukoo wote, kwa desturi njema ya Wakristo, ukaitikia, "Amina."

Shangazi Agata alisimama, akaingia nyumbani mwake. Nilimsikia akikoroga kitu kwenye chungu ambacho nilijua hakina kitu.

Baada ya hapo Koko aliita jina lile asubuhi na jioni. Mengine yote yalikuwa yakimtoka mikononi, jina la baba yangu aliyemzaa, jina langu, jina la maji, lakini lile halikumtoka. Nimeliwaza jambo hilo maisha yangu yote. Maneno mengine aliyatumia kila siku, yakaisha kama jembe linavyoisha. Lile moja alikuwa amelifungia sandukuni tangu usichana wake, halikupigwa jua, halikufuliwa, na siku alipofungua sanduku alikuta kila kitu kimechakaa isipokuwa hilo. Alikwenda nalo langoni, akaita ndani ya ukungu, akasubiri. Hakuna aliyeitika. Nani angeitika? Akaita tena, na sauti ikaanza kuingiwa na woga, akashika miti ya lango, na watu wazima wakaingia ndani kila mmoja kwa mlango wake.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Nikasimama nyuma ya lango nikasema, kwa sauti nzito niliyoweza, "Niko hapa."

Akatulia papo hapo. Akaketi chini kwenye majani, akakunja miguu upande kama bibi arusi, na akaanza kunieleza kitu kirefu. "Nilikuja. Nikaona zile. Kubwa, zile, na zile zao hapa juu. Nikaogopa. Wao wakacheka. Wewe hukucheka. Ukasema, shika. Nikashika. Ikawa na joto." Akarudia, akipapasa hewa kwa kiganja. "Ikawa na joto."

Nilidhani ananisimulia mimi, kwamba mimi ndiye niliyekuwa katika habari hiyo, nikaitikia "Eeh" kama alivyonifundisha kuitikia wageni. Nilikuwa mwanamke mzima nilipoelewa kwamba alikuwa akisema habari ya siku aliyofika kutoka Walikale, na ng'ombe wa kwanza wa maisha yake, na mzee mmoja tu katika boma lote, baba mkwe wake, aliyemshika mkono na kuuweka juu ya ubavu wa mnyama. Alimpenda mzee huyo, na maisha yote hakuruhusiwa kumwita.

Kwao walipelekewa habari. Papa Safari, mtoto wa kaka yake Koko, alikuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka Hombo, na siku za soko alifika Sake. Tulikubaliana tukutane naye huko. Asubuhi ya kuondoka, Shangazi Agata alitoka nyumbani mwake akiwa amebeba kikwembe chake cha sikukuu. Alimfunga Koko kiunoni kwa mikono yake, akakaza pindo, machozi yakimwanguka.

"Rudia kwetu upesi," alisema. "Useme tu ile maneno, Mama. Maneno tatu tu. Miye mwenyewe nitafungua mulango."

Koko alimshika mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. "Asante, Mama. Na ba kwako, hawajambo? Watoto? Na mashamba?"

Walikuwa wameishi boma moja tangu ujana wao. Shangazi alimtazama, na nikaona kitu kikivunjika usoni pake. Akatazama barabara, akamtazama baba yangu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kupelekwa kwa wakwe, wazee walikuwa wamekwisha kusema, mama yangu alikuwa karibu kujifungua, na hakuna aliyejua mahali pa kushika ili jambo lile lisimame. "Hawajambo," Shangazi alijibu. "Bote hawajambo." Tukashuka mlima juu ya kamyo, lori la viazi.

Papa Safari alitungoja hapa hapa Sake, mahali barabara ya Minova inapoachana na ile ya kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye harufu ya mafuta, mpole. Akamsalimu Koko kwa Kinyanga, lugha ya msitu wao. Na Koko akafunguka! Maneno yakamwagika, marefu, yenye vichwa na mikia, mikono ikicheza, sijawahi kusikia akisema namna ile. Nilimrukia baba. "Amepona! Papa, amepona!"

"Anasema nini?" baba aliuliza, na nikasikia kwamba yeye pia alikuwa na tumaini.

Papa Safari alisikiliza bado kidogo. "Anasema mama yake amungoje. Anasema mbwa bafungwe kengele. Anasema muzuri sana, kaka. Lakini haiko anasema na miye."

"Basi akifika kule nyumbani..."

"Kule nyumbani, bale anaita, balikufa bote."

Wakampandisha kwenye kamyo nyingine, juu ya magunia ya maharagwe, kati ya madumu matupu. Injini ikawashwa. Hapo ndipo alipotazama chini, akaona umati wa soko, nyuso zote zile zisizo na majina, na woga wa lango ukamrudia. Akaita. Aliliita jina lile juu ya vichwa vya wauza samaki, mara mbili, mara tatu. Nikavuta pumzi niitike, lakini sauti yangu ilikuwa ya mtoto, na injini iliimeza.

Ndipo baba yangu, Balume, mtu ambaye hakuwahi kuitika langoni, aliyeingia ndani kila jioni akafunga mlango, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama: "Niko hapa, mutoto wangu! Niko hapa!"

Mwanamke mmoja mwenye beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwa, alimgeukia akacheka. "Ee Papa! Ule mama koko iko mutoto yako?"

Koko alikuwa amesikia. Aliinua mkono, akaketi juu ya gunia, akakunja miguu upande, na kamyo ikashika barabara ya Minova.

Hakurudi. Mama alijifungua salama, mvulana, na Shangazi Agata ndiye aliyempokea. Msimu wa pili Papa Safari alileta habari ya kifo pamoja na mafuta. Baba alimwuliza kama aliteseka. Alisema hapana, alikula, walimpenda. Ni jambo moja tu, alisema: aliita neno moja mpaka mwisho, asubuhi na jioni, na kule msituni hakuna aliyelijua. Walifikiri ni neno la huku kwetu Masisi la kuomba maji. Kila alipoita, walimletea maji.

Shangazi alimchukua kuku mweupe, akasimama langoni, akayasema yale maneno matatu yeye mwenyewe kwa niaba ya marehemu. Hakuna aliyemjibu. Kuku alimfungua kamba, akamwacha aende.

Sasa nyamaza, uandike ya mwisho. Mashamba yale yamekwenda, ng'ombe wamekwenda, na wewe unajua jinsi walivyokwenda, sitapoteza pumzi. Lungo usilitunze, litaoza. Tunza haya. Nikikuuliza mara ya kumi kama umekula, jibu kana kwamba ni mara ya kwanza, maana kwangu itakuwa ya kwanza. Usinisimamie mbele na kuniuliza, "Koko, mimi ni nani?" Mtu mzima hafanyiwi mtihani. Nikikusalimu kama mgeni, nisalimu kama mwenyeji, uniulize habari za mashamba. Na wageni wakisema nimeongea vizuri, wewe uliyekaa nyuma yangu uwe na macho yako mwenyewe.

Mimi pia niliolewa, Sifa, na mimi pia nina jina nililolifungia sandukuni. Usiliulize, wala usiende kwa mama yako kulitafuta ili uliandike hapa. Utalijua siku nitakapoliita. Siku hiyo usitafute kuku, usiite wazee, usiniletee maji. Simama popote ulipo, hata kama ni katikati ya soko na watu wanacheka, uitike.